Shamba la Urithi Kingoni mwa Tana: Pande za Balambala

Wanaoandika historia ya Kaskazini Mashariki ya Kenya wamezoea kuanza na ngamia. Wakimaliza ngamia huja kwenye visima, na kutoka visimani huja kwenye vita vya malisho, kisha kwenye serikali na mipaka yake. Mkulima, akitajwa, hutajwa mwishoni, na hutajwa kama mtu aliyeletwa juzi na mradi wa umwagiliaji. Sikusudii katika makala haya kukanusha kwamba nchi ile ni nchi ya wafugaji. Ninalokusudia ni kuonyesha kwamba ukingoni mwa Mto Tana, kutoka Garissa kwenda juu hadi Balambala na Saka, liko jambo jingine lenye umri mkubwa, nalo ni shamba linalorithiwa. Nitajaribu pia kueleza kwa nini kulisahau jambo hilo si kosa la vitabuni tu, bali ni kosa linaloweza kumnyima mtu ardhi yake.

Jina la mahali penyewe ni ushahidi wa kwanza. Katika baadhi ya maandishi utalikuta limeandikwa Mbalambala, na katika mengine Balambala, nayo ndiyo tahajia ya serikali siku hizi na ndilo jina la jimbo la uchaguzi lililopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1913 ukiongeza miaka mia, yaani 2013. Msomaji wa isimu hatashangaa. Kisomali hakianzi neno kwa mb, ilhali lugha za Kibantu za mtoni zaona sauti hiyo kuwa ya kawaida kabisa. Tahajia mbili basi ni masikio mawili: sikio la mtu wa bonde na sikio la mtu wa nyika, kila moja likisikia mahali pale pale kwa desturi ya lugha yake. Karani aliyechagua tahajia moja huenda hakujua kwamba alikuwa akichagua.

Mvua ya Garissa ni haba. Kwa wastani haizidi sana milimita 300 kwa mwaka, nayo haitoshi kukuza mahindi. Anayelima huko halimi kwa mvua ya kwao, bali kwa mvua ya watu wengine, ile inayonyesha Mlima Kenya na Nyandarua na kuteremka na mto. Zamani mto ulifurika mara mbili kwa mwaka, kufuatana na masika na vuli za milimani, ukaacha tope lenye rutuba juu ya kingo na katika mabwawa yaliyobaki pale mto ulipoacha njia yake ya zamani. Maji yakishuka, mkulima hupanda katika unyevu huo. Kilimo cha namna hiyo hakihitaji mfereji wala pampu, lakini chahitaji maarifa ambayo hayapatikani kwa mwaka mmoja: ni ukingo upi hufurika mapema, ni bwawa lipi hukauka kwa kuchelewa, ni wapi mto unakula udongo na wapi unautapika. Haya hujulikana na aliyekaa, na aliyeambiwa na aliyekaa kabla yake. Kwa hiyo urithi wa shamba la Tana, tangu mwanzo, ulikuwa urithi wa mambo mawili pamoja, ardhi na habari za ardhi.

Ni nani waliokaa? Kutoka pande za Bura kuelekea Garissa na juu yake wako Waelwana, ambao majirani zao huwaita Wamalakote. Kutoka Garissa hadi Mbalambala wako Wamunyoyaya, walioandikwa na wasafiri wa karne ya kumi na tisa kwa jina la Korokoro. Wamunyoyaya husema lugha ya Kikushi iliyo jamaa ya Kiorma, na ni wakulima na wavuvi. Waelwana husema lugha ya Kibantu, na hapa wasomaji wa jarida hili wapaswa kutulia kidogo, kwa sababu lugha hiyo ni ndugu wa Kiswahili. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 juu ya historia ya Kiswahili na Kisabaki, waliiweka katika kundi moja na Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro. Baadaye, mwaka 2000, Nurse aliichambua peke yake pamoja na Kidaisu, akaonyesha jinsi ilivyobadilishwa na Kiorma katika msamiati, katika sauti na hata katika sarufi.

Mabadiliko ya kiasi hicho hayatokei kwa mgeni aliyepita. Lugha hupata sauti za jirani baada ya vizazi vingi vya kuoana, kubadilishana nafaka kwa maziwa, na kuishi chini ya nguvu ya jirani huyo. Kwa hiyo hali ya Kielwana ni hati ya kukaa. Mtu akiniuliza ni wapi palipoandikwa kwamba wakulima wa Kibantu walikuwa mtoni kabla ya afisa wa kwanza wa Kiingereza, sitamwonyesha jalada, nitamwonyesha lugha yao.

Wala majalada hayakosekani. Carl Peters alipopanda Tana mwaka 1889, akijidai kwenda kumwokoa Emin Pasha, msafara wake ulikula nafaka za wakulima wa kingo, nao mara nyingi haukuwaomba kwa adabu. Mwaka huo huo J. R. W. Pigott alipita kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, na mwaka 1891 Dundas akapanda mto kwa merikebu ndogo ya moshi iliyoitwa Kenia. Watu hawa hawakuandika ili kuwasifu wakulima. Lakini msafara wenye mamia ya matumbo haulishwi na mahali pasipo ziada ya chakula, na ziada haipatikani bila mashamba yaliyotunzwa. Mimi huwasoma wasafiri hawa kama mtu anavyosoma hesabu za mwizi: simwamini kwa maneno yake, ila naamini kwamba alichokiiba kilikuwapo.

Wakati huo nguvu ya nyika ilikuwa ikibadilika. Waorma, waliokuwa wameitawala nchi kati ya Juba na Tana, walivunjwa na Wasomali katika miaka ya 1860, na katika miongo iliyofuata Wasomali wa koo za Ogaden walifika mtoni na mifugo yao. Serikali ya kikoloni ilipokuja ilikuta mchanganyiko huo ukiendelea, ikaufunga kwa sheria. Sheria ya mwaka 1902 ilizuia watu kuingia na kutoka katika wilaya za mbali, na ile ya mwaka 1934 ikawapa maafisa mamlaka makubwa juu ya makabila ya huko. Katika fikra za sheria hizo kila kabila lilikuwa na mahali pake pa malisho. Mtu aliyekuwa na ngwe ya ardhi hakuwa na mahali katika fikra hizo. Alihesabiwa chini ya mfugaji aliyemzunguka, au hakuhesabiwa.

Neno malka lafaa kutajwa hapa. Ni neno la Kioromo lenye maana ya kivuko au mahali pa kushukia mtoni, nalo limeenea hata limekuwa majina ya mahali, kama Malka Mari kwenye Mto Daua huko Mandera. Kwenye Tana malka ni njia ambayo mifugo hupita kati ya mashamba ili kunywa maji. Kila shamba la ukingoni limepakana na malka, au limepakana na shamba lililopakana na malka. Anayerithi shamba basi harithi mipaka na ndugu zake tu, anarithi pia ahadi ya kale kwa watu ambao si ndugu zake, kwamba njia ya maji haitazibwa. Ahadi hiyo ilipovunjwa, ama kwa mashamba kuisogelea njia au kwa mifugo kuingia mazaoni, damu imemwagika. Mapigano ya Tana River ya mwaka 2001, na yale ya Delta mwaka 2012 ambayo yaliua watu zaidi ya mia moja, yalikuwa na sababu nyingi, zikiwamo za siasa, lakini mgogoro wa ardhi na maji ulikuwa ndani yake.

Sasa nije kwa Wasomali wenyewe, kwa maana si haki kuwaandika kana kwamba wote ni wenye ngamia na hakuna zaidi. Hali ya hatari ilitangazwa katika wilaya za kaskazini mwishoni mwa Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya uhuru. Vita vilivyofuata, ambavyo serikali iliviita vya mashifta, viliendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katika vita hivyo watu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi na mifugo mingi ikafa au ikachukuliwa. Ukame wa miaka ya 1970 na ule wa 1984 ukamaliza sehemu ya iliyobaki. Familia iliyokuwa na ngamia hamsini na sasa haina hata mmoja ilikuwa na njia chache: mji, kazi ya kibarua, au mto. Wengi walishika mto. Serikali na mashirika ya misaada yakaleta pampu za dizeli, vikundi vya wakulima vikaundwa, na migomba, mipapai, miembe, nyanya, vitunguu na matikiti yakaanza kupelekwa sokoni Garissa.

Msamiati wao wa shamba waeleza safari hiyo. Kisomali kina neno lake la shamba, beer, na lina umri, kwa kuwa kilimo kwenye Juba na Shebelle si cha jana. Mahindi ni galley, kunde ni digir. Lakini ndizi ni moos, kutoka Kiarabu. Embe ni cambe, lililo jamaa ya embe letu kwa njia ya Bahari ya Hindi. Na nyanya ni yaanyo, neno ambalo halihitaji mtaalamu kuambiwa limepita wapi. Mtu aliyesoma orodha hiyo ameona kwamba baadhi ya mazao ya biashara yalikuja na majina yake, na kwamba mmoja wa waliotoa majina hayo ni Mswahili. Nasi tujikumbushe kwamba neno letu shamba limebishaniwa asili yake, hata wapo wanaolipeleka Ufaransa, ilhali neno la kale la Kibantu tumeliacha kwa Wagiriama, wasemao munda, na kwa kamusi zetu zinazolihifadhi mgunda pasipo mtu wa kulitumia.

Kwa hiyo leo ukingoni kuna warithi wa aina mbili: wale ambao ukoo wao ulikuwapo kabla ya merikebu ya Dundas, na wale ambao babu yao alishika jembe baada ya 1967. Wa pili hawa sasa wamefikia kizazi cha tatu. Sioni faida ya kuwaita wageni. Lakini sioni haki pia ya kufanya kizazi chao cha tatu kuwa mwanzo wa historia.

Tatizo kubwa la warithi hao wote ni umbo la shamba. Shamba la mtoni ni ukanda: hupimwa kwa upana wake ukingoni, na urefu wake huelekea nyuma kadiri udongo unavyoruhusu. Asiyegusa mto hana shamba. Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Mtu ana ukanda wa hatua 64 ukingoni. Anakufa, anaacha mke, wana watatu na mabinti wawili, na familia ni ya Kiislamu. Mke hupata thumni, yaani hatua 8. Zinabaki 56, na kwa kuwa fungu la mwana ni mara mbili ya fungu la binti, zinagawanywa mafungu manane ya hatua saba: kila mwana 14, kila binti 7. Bado ni mashamba. Sasa mmoja wa wana hao anakufa, anaacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Mke hupata hatua moja na robo tatu, kila mwana tatu na nusu, kila binti moja na robo tatu. Mwembe uliokomaa huhitaji nafasi ya kama mita kumi. Katika vizazi viwili tu, mrithi amepewa ukanda ambao hauwezi kubeba kivuli cha mti ambao babu yake aliupanda.

Hakuna familia yenye akili inayofika huko. Fiqhi yenyewe imeacha milango: warithi wanaweza kubaki na mali kwa shirika bila kuigawa, au mmoja akatoka kwa takharuj, akiachia fungu lake na kupokea kitu kingine badala yake. Pia wanaweza kugawa miti na mavuno na kuiacha ardhi nzima. Desturi hii ya mwisho si ngeni kwa wasomi wa pwani. John Middleton aliieleza Unguja na Pemba mwaka 1961, na Pat Caplan akaikuta Mafia: mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Lakini milango hii ina bei, na bei hiyo hailipwi na wote sawa. Panapotafutwa mtu wa kutoka, wa kwanza kuombwa ni binti, kwa hoja kwamba ameolewa na atakula kwa mumewe. Hupewa mbuzi, au ahadi ya ndizi kila msimu. Ahadi ya mdomo huishi kadiri anavyoishi ndugu aliyeitoa, na mpwa wa kesho hana habari nayo. Nathubutu kusema kwamba mashamba mengi ambayo tunayasifu kwa kudumu vizazi vinne yamedumu kwa sababu wanawake wa kila kizazi waliacha mafungu yao. Jambo hilo lapaswa kuandikwa katika historia ya shamba, si katika tanbihi.

Na sheria ya nchi? Sheria ya Urithi ya Kenya ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kanuni zake za kugawa mali ya mtu asiyeacha wasia ziliachwa zisitumike juu ya ardhi ya kilimo, mazao yake na mifugo katika wilaya kadhaa za wafugaji, na Garissa na Tana River zote mbili zimo katika orodha hiyo. Mwaka 1990 Waislamu nao wakaondolewa katika kanuni za msingi za sheria hiyo. Maana yake ni kwamba urithi wa shamba la Balambala umeachwa kwa desturi na kwa dini. Nalo si jambo baya kwa lenyewe. Ila desturi ambayo mahakama inaitegemea ni lazima ijulikane, na desturi hii iko katika vinywa vya wazee, katika lugha ambazo mahakama haizisemi.

Wakati huo huo mto wenyewe umebadilishwa. Bwawa la Kindaruma lilimalizika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga pekee lilijengwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Mafuriko ya kawaida, yale mawili ya mwaka ambayo yalikuwa saa ya mkulima, yalipungua. Yale yasiyo ya kawaida hayakupungua: mwaka 1997 na 1998, mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023 hadi 2024, mto ulivunja kingo na kuchukua mazao, pampu na nyumba. Mrithi wa leo amepoteza mafuriko yenye faida na kubaki na yenye hasara. Maarifa ya babu juu ya ukingo gani hufurika lini yamepoteza sehemu ya thamani yake, na nafasi yake imeshikwa na bei ya dizeli. Juu ya hayo umekuja mti wa mathenge, ulioletwa bonde la Tana katika miaka ya 1980 ili watu wapate kuni. Shamba likiachwa msimu mmoja kwa ugomvi wa warithi, mathenge hulirithi.

Huko chini kuna mafunzo ambayo wapangaji hawakuyasoma. Mradi wa Hola ulipoteza maji mwaka 1989 mto ulipohama njia yake, na wa Bura ulianguka mwaka huo huo pampu zake zilipokufa. Katika miradi hiyo mkulima alikuwa mpangaji asiyekuwa na haki ya kumwachia mwanawe kitu. Mashamba madogo ya familia yalipata misukosuko ile ile ya mto, na mengi yakahamishwa hatua mia huku au kule, lakini yalilimwa tena. Sisemi kwamba udogo una baraka yake. Nasema kwamba mtu ambaye jina la baba yake limo katika jina la ngwe huitafutia maji kwa namna ambayo mpangaji hana sababu ya kuifanya.

Jambo lililo mbele yetu sasa ni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, iliyotungwa kutimiza kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010. Ardhi iliyokuwa chini ya mabaraza ya wilaya itaandikishwa kwa jina la jamii, na jamii itataja watu wake na kuchagua kamati yake. Hapa ndipo usahaulifu wa wanahistoria unapogeuka kuwa hatari. Ikiwa jamii itakayoandikwa Balambala ni ile tu inayojulikana vitabuni, yaani ya wafugaji, Mmunyoyaya ambaye ukoo wake umelima ukingo huo tangu kabla ya Peters ataingia katika daftari kama mtu aliyekaribishwa. Na ikiwa upande wa pili mkulima wa kale ataandika kingo zote kwa jina lake, mjukuu wa Msomali aliyepoteza ngamia katika vita vya 1960 na kitu atatolewa katika ardhi pekee anayoijua. Mabishano ya mpaka kati ya Garissa na Tana River, yaliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, yanaongeza ugumu, kwa kuwa kila upande una ramani yake.

Idara zetu za lugha zina kazi hapa ambayo wapimaji wa ardhi hawawezi kuifanya. Ngwe za ukingoni zina majina. Mengine ni ya watu waliozifyeka kwanza, mengine ya miti, mengine ya mafuriko. Yamo ya Kielwana, ya Kimunyoyaya na ya Kisomali, na pengine ngwe moja ina majina matatu, kila moja la enzi yake. Majina hayo yakikusanywa pamoja na nasaba za walioyatoa, tutakuwa na ushahidi wa nani alikaa wapi na kwa kufuatana na nani, ushahidi ambao hauhitaji kumwamini msafiri wala karani. Mwanafunzi mmoja mwenye daftari na kinasa sauti aweza kutembea kutoka Sankuri hadi Saka katika likizo moja ya kiangazi, wakati mto uko chini na watu wako mashambani. Aanze kwa akina mama wazee. Wao ndio walioachia mafungu, na wanajua yalianzia kwenye mti gani na kuishia kwenye mti gani.